Barua ya wazi: Tuonesheni hesabu ya ushuru wa vifurushi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya forodha, kodi, posta na biashara, Unguja na Pemba.

Assalaam aleikum.

Tunaandika sisi tunaoagiza, tunaopokea na tunaoshughulikia mizigo midogo inayonunuliwa mitandaoni kutoka Guangzhou, Dubai, Istanbul, London na kwengineko. Hatuombi kusamehewa kodi. Anayegawa baibui hamsini kwenye vifurushi vidogo vidogo ili apite bila kulipa anamuumiza mwenye duka wa Darajani aliyelipia kontena zima, na mtu huyo hatumtetei. Ombi letu ni kwamba mnunuzi ajue atadaiwa kiasi gani kabla hajabonyeza kununua, na akishadaiwa apewe karatasi inayoonesha kila tarakimu imetoka wapi.

Hesabu yenyewe si siri. Forodha ni jambo la Muungano, na kitabu cha viwango vya ushuru ni kimoja kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima. Tangu tarehe 1 Julai 2022 kitabu hicho kina madaraja manne: asilimia 0, 10, 25 na 35, ukiacha bidhaa chache nyeti kama mchele na sukari zenye viwango vyake. Sheria inayotumika ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Inataka thamani ya mzigo ipatikane kwa kujumlisha bei, usafiri na bima, ila mzigo uliokuja kwa ndege hauongezewi usafiri. Ushuru wa forodha unapigwa juu ya jumla hiyo. Bidhaa ikiwa na ushuru wa bidhaa, nao unafuata. Mwisho inakuja VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Zanzibar ni asilimia 15, na inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru wote uliotangulia.

Chukueni baibui moja. Bei dola 40, usafiri wa meli dola 15, bima haikulipwa. Thamani ya forodha ni dola 55. Nguo nyingi ziko daraja la 35, kwa hiyo ushuru ni dola 19.25. VAT inapigwa juu ya dola 74.25, nayo ni dola 11.14. Jumla ya kodi ni dola 30.39 kwa nguo ya dola 40. Ndiyo maana wengi hushtuka kaunta: walisikia "thelathini na tano" wakadhani ni thelathini na tano ya bei. Ukweli ni kwamba kwenye daraja la 35 mnunuzi anaongeza asilimia 55.25 ya thamani yote ya forodha, usafiri huo ukiwemo, kabla ya ada nyengine yoyote. Kwenye daraja la 25 anaongeza 43.75, kwenye la 10 anaongeza 26.5, na kwenye la sifuri anabakiwa na 15 ya VAT peke yake, kama bidhaa haikusamehewa. Hizi namba nne zingebandikwa ukutani kila pahala panapotolewa vifurushi, nusu ya ugomvi ingekwisha siku hiyo hiyo.

Nusu iliyobaki inatokana na mambo ambayo mnunuzi hayaoni. Kubwa kuliko yote ni bei.

Sheria inasema thamani ya kwanza kutazamwa ni bei iliyolipwa au inayopasa kulipwa kwa mzigo huo. Jedwali la Nne la sheria limepanga njia sita kwa mfuatano: bei ya mauzo yenyewe, bei ya bidhaa zile zile, bei ya bidhaa zinazofanana, kisha hesabu ya kurudi nyuma kutoka bei ya kuuzia, hesabu ya kujenga gharama, na mwisho njia ya kukadiria kwa busara. Huruki kutoka ya kwanza hadi ya sita kwa sababu tu bei imeonekana ndogo. Jedwali hilo hilo linakataza waziwazi kutumia bei za chini zilizopangwa mapema, kuchukua ile kubwa kati ya bei mbili, na thamani za kubuni.

Kaunta mambo huenda hivi. Mteja ameona bidhaa inauzwa dola 60, akatumia kuponi ya muuzaji, akalipa 42. Stika ya mzigo imeandikwa dola 5, maana muuzaji wa nje mara nyingi huandika analotaka bila kumuuliza mteja, na wengine huandika "zawadi" wakidhani wanamsaidia. Ofisa anaona dola 5 kwa kitu ambacho ni wazi kina thamani zaidi, na ana haki ya kutia shaka. Anafungua simu, anatafuta bidhaa kama hiyo, anaona 75, anaandika 75. Hapo watu wote watatu wamekosea: muuzaji kwa kudanganya, mteja kwa kuja mikono mitupu, na ofisa kwa kuchukua bei ya tangazo la siku ile badala ya bei iliyolipwa. Bei sahihi ni 42, na ushahidi upo: ukurasa wa oda unaoonesha bei, kuponi na usafiri, pamoja na ujumbe wa benki au wa pesa za simu unaoonesha kiasi kilichokatwa. Vitu viwili tu. Tamkeni rasmi kwamba vikiwa vimelingana, yaani namba ya oda, tarehe na kiasi, vinatosha kwa mzigo mdogo. Visipolingana, ofisa aandike kwa nini amevikataa na ametumia njia ya ngapi kati ya zile sita. Kifungu cha 122 kinampa mwagizaji haki ya kuomba kwa maandishi aelezwe thamani imepatikanaje; tatizo ni kwamba hakuna anayemwambia kuwa haki hiyo anayo.

Jambo moja la huku kwetu mlitazame kwa makini. Kadi ya benki mara nyingi si ya mwenye mzigo. Dada anaagiza, kaka mwenye kadi analipa. Au mtu yuko Muscat, ananunua na kuelekeza mzigo kwa mama yake Jang'ombe. Jina la risiti na jina la mpokeaji yakitofautiana, ushahidi hukataliwa kama wa kughushi. Tena fomu za maduka ya nje zinataka majina mawili, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina jina la mtu, la baba na la babu. Kutofautiana kwa namna hiyo kusiwe sababu ya kuzuia mzigo ikiwa namba ya simu na namba ya oda zinakubaliana.

Na zawadi nazo. Wapo wanaoamini neno "zawadi" kwenye stika linafuta kodi, na wapo maofisa wanaoamini kwamba kila aliyeandika "zawadi" ni mwongo. Zawadi haina bei iliyolipwa na mpokeaji, kwa hiyo njia ya kwanza haitumiki, na ofisa anateremka kwenye za pili na tatu. Ndivyo sheria inavyotaka, lakini mpokeaji aoneshwe ni bidhaa gani iliyofananishwa.

Usafiri ndio unaovuja kimya kimya. Maduka mengi ya mtandaoni yanaandika "usafiri bure". Hakuna usafiri wa bure. Muuzaji ameshautia ndani ya bei. Ofisa akichukua bei ya dola 25 kisha akaongeza makadirio ya usafiri juu yake, amehesabu usafiri mara mbili na kuupigia ushuru mara mbili. Kinyume chake, palipo na usafiri uliolipwa mbali na mzigo haukuja kwa ndege, utiwe ule uliolipwa kweli. Kampuni za vifurushi vya haraka hupima ukubwa pamoja na uzito: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha wanagawa kwa 5,000. Boksi la sentimita 40 kwa 30 kwa 30 linahesabiwa kilo 7.2 hata kama ndani mna mito yenye uzito wa kilo mbili. Bei ya ubaoni ya kilo 7.2 inaweza kuizidi mbali ile ambayo muuzaji mwenye mkataba amelipa na akamtoza mteja. Ikitumika bei ya ubaoni, mteja analipia ushuru wa pesa ambayo haikutoka mfukoni mwa mtu yeyote.

Kifurushi chenye vitu mchanganyiko kina kasoro yake. Tuseme mna kibodi ya kompyuta ya dola 30 na baibui la dola 40, usafiri wa pamoja kwa meli dola 14. Kibodi iko fungu la 8471 la kitabu cha viwango, ushuru sifuri. Usafiri unagawiwa kwa uwiano wa bei: dola 6 kwa kibodi, dola 8 kwa baibui. Ushuru wa haki ni asilimia 35 ya dola 48, yaani dola 16.80. Kaunta ikiwa na haraka, mzigo wote unapewa kiwango cha kile kilicho juu: asilimia 35 ya dola 84, yaani dola 29.40. Tofauti ni dola 12.60, na VAT bado haijaja juu yake. Kugawa mstari mmoja kuwa miwili kunachukua dakika tatu.

Kuhusu kiwango chenyewe, mnunuzi makini anaweza kufungua kitabu cha viwango kwenye intaneti, akapata msimbo wa tarakimu nane, akasoma kiwango, na bado akakosea bila kosa lake. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni, Jumuiya hutoa Gazeti lake lenye orodha ya bidhaa ambazo nchi fulani imeruhusiwa kutoza tofauti na kitabu, kwa kawaida kwa mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kiwango cha kitabuni na kinachotumika Tanzania mwaka huu vinaweza kuwa viwili. Mawakala wa forodha wanalijua hilo. Fundi charahani wa Mkoani anayeagiza mguu wa mashine atalijulia wapi? Kila Julai toeni orodha kwa Kiswahili ya bidhaa mia moja zinazoagizwa sana: nguo, viatu, simu na vifuniko vyake, vipuri vya pikipiki, plagi na feni za pampu za mashine za boti, taa za sola, vyombo vya jikoni, vitabu, vifaa vya skuli. Kila mstari uwe na msimbo, ushuru, VAT, na kama kinahitaji kibali cha taasisi nyengine.

Kibali hicho ndicho kinachowakwamisha wengi kuliko ushuru. Dawa, virutubisho, chakula na vipodozi vinapita kwa Wakala wa Chakula na Dawa. Bidhaa zenye viwango vya ubora zinaangaliwa na Taasisi ya Viwango. Mbegu na mimea vinataka cheti cha afya ya mimea kutoka kunakotoka. Vifaa vya mawasiliano na ndege zisizo na rubani vina masharti yao. Mtu anaagiza kopo la vitamini la dola 12, anatozwa ushuru, kisha ndipo anaambiwa kibali hakuna. Mpangilio ugeuzwe. Swali la kibali liulizwe kabla ya hesabu ya kodi, na asiyekipata asiwe ameshalipa.

Sasa tuje kwenye bahari iliyo katikati.

Wauzaji wengi wa nje hawana Zanzibar kwenye orodha yao ya nchi. Mteja anachagua Tanzania, na mzigo unashuka Dar es Salaam. Hapo ndipo panaposhikana mambo. VAT ya Tanzania Bara ni asilimia 18, ya kwetu ni 15, na ni sheria mbili. Lile baibui la dola 55 likihesabiwa kwa 18, ushuru wa forodha na VAT kwa pamoja vinakuwa dola 32.62, zaidi ya dola mbili juu ya ile ya Zanzibar. Si nyingi kwa baibui moja. Swali ni nani anapokea VAT hiyo, na mzigo ukivushwa kwa boti hadi Malindi, karatasi ya malipo ya Dar inatambuliwa au mteja anaanza upya? Mzigo ulioandikwa anwani ya Unguja au Pemba uvushwe ukiwa bado chini ya forodha na ukadiriwe huku, kwa kodi ya huku. Kama haiwezekani kwa njia fulani ya usafirishaji, basi risiti ya Dar ikubaliwe bandarini na uwanja wa ndege kama ilivyo, bila ya mwenye mzigo kufunguliwa mkoba na kuulizwa tena. Malalamiko ya kutozwa mara mbili baina ya pande mbili za Muungano ni ya zamani na yamezungumzwa kwenye vikao vikubwa kwa ajili ya makontena na magari. Vifurushi havijawahi kupata meza yao.

Pemba ina shida ya ziada. Mkaazi wa Wete au Micheweni anapotakiwa afike Unguja mwenyewe na kitambulisho ili atie saini mzigo wa dola 20, nauli ya boti, malazi na siku iliyopotea vinaupita mzigo wenyewe. Posta zipo Chake Chake, Wete na Mkoani. Ukadirio unaweza kufanyika Unguja, namba ya malipo ikatumwa kwa simu, mteja akalipa alipo, na kifurushi kikaendelea na safari hadi posta ya karibu naye. Akitaka kupinga, apige picha ushahidi wake na kuutuma. Hilo halihitaji jengo jipya.

Kuhusu posta kwa jumla: kila kifurushi cha posta kinakuja na fomu ya forodha, CN22 kwa vidogo na CN23 kwa vyenye thamani kubwa, na tangu Januari 2021 posta duniani zinatakiwa kutuma taarifa za fomu hiyo kielektroniki kabla ya mzigo kufika. Yaani maelezo, uzito na thamani vinaweza kuwa mezani siku kadhaa kabla ya ndege kutua. Zitumieni siku hizo. Mteja apate ujumbe: mzigo wako unakuja, umeandikwa hivi, kama bei si sahihi tuma ushahidi sasa. Mzigo ukitua, hesabu iwe imekwisha.

Na watu waelezwe kusoma namba zao. Namba ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka. Inayoanza na R ni rejista, C ni kifurushi, E ni EMS, huduma ya haraka ya posta. Namba isiyo na umbo hilo kwa kawaida iko kwa kampuni binafsi, na kumuuliza karani wa Kijangwani ni kumtesa bure. Tangazo la mistari minne mlangoni lingepunguza foleni.

Upande wa muuzaji, kinachoharibu zaidi ni maelezo ya kijuujuu. "Vifaa", "sampuli", "vipuri". Mvuvi wa Mkokotoni anayeagiza seti ya gasketi na plagi za mashine ya boti anapata boksi lililoandikwa "vipuri", ofisa hajui ni vya gari, pikipiki au boti, inabidi afungue, mfuko uliozuia unyevu unachanwa, na gasketi ya karatasi inakaa ghalani ikinywa unyevu wa bahari. Mnunuzi amwambie muuzaji aandike jina la kitu, idadi, kimetengenezwa na nini, na tarakimu sita za mwanzo za msimbo wa bidhaa, kwa sababu hizo sita ni sawa dunia nzima. Hili ni jukumu letu, tunalikubali. Lenu ni kutupa orodha ya kunakilia.

Kundi jengine hatuwezi kulinyamazia: mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi na kutangaza bei ya kilo "kodi ndani yake". Ni rahisi, na kwa mwenye duka dogo mara nyingi ndiyo njia pekee. Lakini mzigo unaingia kwa jina la wakala, kwenye hati moja ya tamko yenye vitu vya watu arubaini. Mteja hana risiti ya forodha, hawezi kuthibitisha kodi ililipwa, hawezi kudai marejesho, na mwenziwe mmoja akificha kitu kilichopigwa marufuku, arubaini wote wanasubiri. Msiwapige marufuku hawa. Watakeni wawe na leseni, na watakeni pia watoe mchanganuo: kila mteja apate karatasi yenye namba ya hati kuu, sehemu yake ya thamani na sehemu yake ya kodi. Wakala anayeficha mchanganuo huo anajua kwa nini anauficha.

Shirika la Forodha Duniani lina mwongozo wa kutoa mizigo haraka unaoigawa mafungu manne: barua na nyaraka; mizigo ya thamani ndogo isiyotozwa; mizigo ya thamani ndogo inayotozwa kwa tamko jepesi; na mizigo ya thamani kubwa kwa tamko kamili. Sisi tunahitaji zaidi fungu la tatu. Baibui moja lisipite njia ya kontena.

Fungu la pili, la kusamehe thamani ndogo, ni gumu zaidi na hatutajifanya ni jepesi. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kufanya kazi Februari 2017, unazitaka nchi kuweka kiwango kama hicho kadiri inavyowezekana. Lakini upepo duniani unakwenda upande mwengine. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT wa euro 22 mwezi Julai 2021, na Marekani imefunga mlango wake wa dola 800 kwa nchi zote mwezi Agosti 2025. Kudai kiwango kikubwa Zanzibar leo ni kujidanganya, na maduka ya Mlandege yana haki ya kupiga kelele. Kiwango kidogo cha wazi kinatosha, kile ambacho chini yake kodi haifikii hata gharama ya karani kuandika na mteja kusafiri. Kwa ushuru wa forodha mtahitaji kulibeba suala hili Arusha, kwenye Jumuiya. Kwa VAT, sheria ni ya Baraza la Wawakilishi, na Chukwani ni karibu. Tukumbushe pia kwamba sheria ya forodha inamsamehe abiria aliyekaa nje zaidi ya saa 24 vitu alivyorudi navyo hadi thamani maalumu. Mwenye uwezo wa kupanda ndege kwenda Dubai anapita; mwalimu wa Konde aliyeagiza kitabu na mkoba akiwa kwake analipa.

Karatasi tunayoiomba, kwa upande wake, haihitaji sheria mpya wala kikao cha Arusha. Iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili: namba ya mzigo; kila bidhaa kwa mstari wake; msimbo; bei iliyokubaliwa na ushahidi uliotumika; njia ya thamani, moja hadi sita; usafiri na bima, na kama vimelipwa au vimekadiriwa; kiwango cha kubadilisha dola na tarehe yake; ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa kama upo, VAT; ada nyengine yoyote pamoja na jina la kanuni inayoiruhusu; gharama ya kuhifadhi na siku ilipoanza kuhesabiwa. Siku hiyo ianze mteja alipojulishwa, isianze mzigo ulipotua. Mtu halipishwi ghala la wiki mbili ambazo hakuna aliyemwambia kitu.

Nyuma ya karatasi hiyo hiyo zichapwe haki zilizomo kwenye sheria tayari. Kifungu cha 229 kinampa aliyeguswa na uamuzi siku 30 za kuomba upitiwe upya, na Kamishna siku 30 za kujibu kwa maandishi na sababu. Asipojibu ndani ya muda huo, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Kifungu cha 230 kinatoa siku 45 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za kodi. Aliyelipa zaidi kwa makosa ana miezi 12 tangu siku ya malipo kudai marejesho chini ya kifungu cha 144. Kwa mzigo wa dola 30 hakuna atakayekwenda barazani, ni kweli. Lakini ofisa anayejua kwamba mteja amesoma kifungu cha 229 atapiga hesabu mara mbili kabla ya kutia muhuri.

Jambo la mwisho lifanyike haraka kuliko yote. Matapeli wanatuma ujumbe wa simu: mzigo wako umezuiliwa forodha, tuma pesa kwenye namba hii leo usije ukateketezwa. Wanafanikiwa kwa sababu mteja hajui malipo halali yana sura gani. Tangazeni redioni, misikitini na kwa masheha kwamba kodi ya forodha hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, ile inayoitwa kontrol namba, benki au kwa simu, na kwamba jina la anayelipwa linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha ni la taasisi, kamwe si la mtu. Tangazo hilo litoke Rajab au Shaaban, kabla oda za nguo za Idi hazijaanza kumiminika. Ikifika kumi la mwisho la Ramadhani, waliotapeliwa watakuwa wameshatapeliwa.

Tunasubiri majibu kwa maandishi, na tuko tayari kuitwa kuonesha mifano ya karatasi, stika na risiti.

Wenu,
Waagizaji na wapokeaji wa vifurushi, Unguja na Pemba